Kutu ya Gari la Mzigo: Ipi Isubiri, Ipi Isisubiri

Pikapu nzee inapopelekwa kwa fundi bodi kwa ajili ya kutu, mara nyingi kilichoipeleka ni milango. Rangi ya chini ya mlango imevimba, imetoka mapele, mapele yamepasuka na kuonyesha wekundu. Mwenye gari ameona haya, au mnunuzi ameanza kuteremsha bei huku akikwangua pale kwa ukucha. Fundi anakata, anabandika kipande cha bati, anapiga puti, anasugua msasa, anapuliza rangi. Gari linatoka gereji linang'aa. Chini yake, juu ya ekseli ya nyuma, ambako hakuna aliyeinama kuchungulia, chasisi inaendelea kuliwa.

Utaratibu huo ndio ninaoupinga. Swali la lini kutu itengenezwe huulizwa kana kwamba kutu ni kitu kimoja kinachokua kwa mwendo mmoja, kikubwa kikiwa cha hatari na kidogo kikiwa cha kungoja. Kwenye gari la mzigo lenye umri wa miaka 20 au 30 mambo hayaendi hivyo. Iko kutu kubwa, ya sura mbaya, inayoweza kuachwa mpaka gari life kwa sababu nyingine. Iko pia kutu ya ukubwa wa sarafu ambayo gari halipaswi kubeba nayo hata tripu moja. Kinachozitenganisha ni mambo mawili: kipande kinacholiwa kinabeba nini, na maji yanayokila yanaingilia wapi na kuishia wapi.

Nianze na maji. Chuma hakioti kutu kwa maji peke yake wala kwa hewa peke yake. Vyote viwili lazima vikutane juu yake. Lakini si lazima mvua inyeshe. Unyevu wa hewa ukivuka kiasi cha asilimia 60, utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho hujijenga juu ya chuma na kazi huanza. Pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, huvuka kiwango hicho usiku baada ya usiku bila wingu angani. Chumvi ikiongezeka, hali huharibika kwa njia mbili. Kutu kwa asili yake ni shughuli ya umeme, sehemu moja ya chuma ikitoa elektroni na nyingine ikizipokea, na ile inayotoa ndiyo inayoliwa. Maji ya chumvi hupitisha umeme huo kwa wepesi kuliko maji baridi. Halafu chumvi yenyewe huvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka bila kumwagiwa kitu unyevu ukifika karibu asilimia 75. Ndiyo maana pikapu inayobeba samaki kutoka soko la Feri jijini Dar es Salaam, hata ikilala chini ya banda kavu, imelowa kila mahali palipoganda maji ya barafu ya jana. Pikapu ya umri uleule iliyozeekea Dodoma inaweza kuwa imechubuka rangi kila upande na bado chuma chake ni kizima.

Kuna jambo la pwani ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni maji ya kuoshea gari. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya magadi au ya chumvi, na sehemu nyingi za kuoshea magari hutumia hayohayo. Gari linaoshwa kila jioni, linafutwa kwa kitambaa nje, na yale yaliyoingia kwenye mikunjo yanakauka humo na kuacha chumvi. Mwenye gari anaamini anatunza mali yake. Ningekuwa na pikapu Kigamboni, ningeiosha mara chache zaidi, kwa maji ya bomba, na ningeanzia chini.

Tena, si kutu yote tuliyoizalisha sisi. Magari mengi yaliyotumika huja kutoka Japani, na malori makubwa mengine kutoka Uingereza, nchi mbili ambazo usukani uko upande wa kulia kama kwetu na ambazo barabara zake humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo si ile ya mezani tu. Kalisi kloridi, inayotumika sana kwenye kazi hiyo, hubaki majimaji hata hewa ikiwa kavu kwa unyevu wa kiasi cha asilimia 30, kwa hiyo gari lililotoka Hokkaido linaweza kuendelea kuliwa hata likiwa Nairobi. Habari njema ni kwamba Wajapani huandika. Karatasi ya mnada huwa na mchoro wa gari, na mkaguzi huweka herufi penye kasoro: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, S ni kutu ya juu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Namba inayofuata herufi hueleza ukubwa. Wanunuzi wetu hutazama alama ya jumla na kilomita, wakaipita C bila kuuliza ilikuwa wapi. Kenya, ambayo hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, imejikinga kwa kiasi, lakini miaka 8 ya theluji inatosha kabisa kuharibu chasisi. Herufi moja iliyopuuzwa kabla gari halijapanda meli ndiyo kutu ya gharama kubwa kuliko zote.

Sasa unene. Bati la bodi, yaani mlango, madigadi, paa la kebini, lina unene wa kiasi cha milimita 0.7 au 0.8. Chuma cha chasisi ya pikapu huwa milimita 2.5 hadi 4 hivi; cha lori kubwa hufika 6 hadi 8. Na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ukiyaweka haya pamoja, utaona macho yanavyodanganya kwa pande mbili. Chasisi ya lori ikitoa magamba mazito yanayobanduka kwa nyundo, inatisha, lakini gamba la milimita 2 huenda limetokana na nusu milimita ya chuma. Ikiwa chasisi ilikuwa na milimita 7, bado imebaki na sehemu kubwa. Pele dogo la ukubwa wa punje ya mahindi kwenye mlango, kwa upande mwingine, kwa kawaida halikuanzia nje. Kutu ilianzia ndani, kwenye mkunjo wa chini ambako tundu la kutolea maji limezibwa na vumbi, ikala milimita 0.8 yote, ndipo ikaisukuma rangi. Siku unayoliona pele ndiyo siku bati limekwisha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri wa gereji nyingi, kwamba ukiona pele, wahi. Uwahi nini? Muda wa kuokoa mlango ulipita miaka miwili iliyopita, wakati kazi yenyewe ilikuwa kuzibua tundu kwa waya na kumimina mafuta mazito ndani. Bati likishatoboka, kipande lazima kikatwe, iwe leo au mwaka ujao, na tofauti ya ukubwa wa kiraka cha leo na cha mwakani ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mlango wa pikapu haubebi tani ya saruji. Ukitoboka chini, maji yanayoingia kwenye kioo yanatoka kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Zibua matundu, osha kwa maji baridi, pulizia mafuta ya kuzuia kutu ndani, rudia kila kabla ya masika, na uache sura yake ilivyo. Vivyo hivyo ukingo wa madigadi, kona za nje za bodi ya nyuma, na mlango wa nyuma ikiwa bawaba na kufuli zake ni nzima. Hii ndiyo kutu ya kusubiri. Isubiri siku utakapokuwa na fedha ambayo huna kazi nyingine nayo, au siku ya kuuza.

Lakini si kila bati jembamba linaweza kungoja, na hapa lile jambo la pili, maji yanaishia wapi, ndilo linaloamua. Kioo cha mbele kimekaa kwenye mpira, na chini ya mpira bati likianza kuliwa, maji ya mvua hupita na kuteremka nyuma ya dashibodi hadi sakafuni. Sakafu ina kapeti nene, kapeti hunywa maji, jua haliifikii. Mwenye gari huhisi harufu ya uvundo, anaweka manukato. Miezi michache baadaye sakafu imekuwa wavu, na mahali sakafu inapokutana na vishikio vya kebini, zile sehemu chache kebini inapokaa juu ya chasisi, bati limeachana. Kutu ya ukingo wa kioo, hata ikiwa ya urefu wa kidole, haisubiri: kioo kitolewe, chuma kisafishwe hadi kiwe cheupe, kipakwe, mpira mpya uwekwe. Ni kazi ya siku mbili au tatu. Ukiiahirisha unanunua sakafu, na fundi hawezi kuchomelea sakafu bila kung'oa viti na kapeti na kusogeza nyaya. Mfereji wa maji uliozunguka paa la kebini za zamani una tabia hiyohiyo.

Kwenye magari ya kebini iliyokaa juu ya injini, kama Canter na Elf, kuna sababu ya ziada ya kutolegeza. Kebini nzima huinuliwa mbele ili fundi afike kwenye injini, kwa hiyo imeshikwa na bawaba mbele na kufuli nyuma. Sehemu hizo zikiwa zimeliwa, kebini inaweza kumwangukia anayefanya kazi chini yake, au kwenye breki ya ghafla kufuli likaachia na dereva akainamishwa kuelekea barabarani. Mafundi wanaoyajua magari haya huegemeza gogo chini ya kebini hata kama stendi yake ipo. Ni desturi nzuri, ila pia ni ushahidi kwamba hawaviamini vyuma wanavyoviona kila siku.

Tukiteremka chini, tunafika kwenye kutu ambayo haipaswi kuwa na mjadala. Chasisi ya gari la mzigo ni ngazi: vyuma viwili virefu na vya kukatiza katikati. Kwenye pikapu nyingi vyuma hivyo virefu ni vya mraba na vina uwazi ndani, navyo hupinda kwenda juu kuipisha ekseli ya nyuma. Matope na mchanga unaorushwa na tairi huingia kwa matundu ya kiwandani, hujikusanya humo, hukaa na unyevu. Chuma huliwa kutoka ndani, na nje rangi nyeusi ni safi. Sehemu za kuangalia kwanza ni pale springi zinaposhikwa mbele na nyuma, pale boksi la usukani lilipofungwa, na ule mpindo wa juu ya ekseli.

Wengi wanaona ni kutia chumvi kuzungumza hivi kuhusu magari ya Toyota, yenye sifa ya kutokufa. Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 2008 Toyota ilianza kununua tena kutoka kwa wenyewe pikapu za Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000 zilizooza chasisi, kwa mara moja na nusu ya bei yake sokoni. Mwaka 2016 ikakubali suluhu ya kesi iliyogusa Tacoma za 2005 hadi 2010, Tundra za 2007 na 2008, na Sequoia za 2005 hadi 2008, jumla ya magari yapatayo milioni 1.5, kwa gharama iliyokadiriwa kuweza kufika dola bilioni 3.4. Tacoma si Hilux, na chasisi zilizolalamikiwa zilitengenezwa huko Marekani na kampuni nyingine. Ninachokitoa kwenye kisa hiki ni kipimo chao. Chasisi iliyotobolewa na kutu tundu la milimita 10 au zaidi haikuchomelewa kiraka, ilibadilishwa yote. Milimita 10 ni upana wa kichwa cha bolti ndogo ya spana namba 10. Kwetu chasisi yenye tundu kubwa kuliko hilo hupewa bati na rangi nyeusi na kurudishwa machimboni kubeba mawe.

Waingereza nao wana kanuni ninayoipenda kwa urahisi wake. Katika ukaguzi wao wa kila mwaka, kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mahali palipofungwa mkanda wa usalama, springi, usukani au breki huliangusha gari; kutu hiyohiyo mbali na hapo huweza kupita. Mkaguzi hubonyeza kwa kidole gumba na kugonga kidogo. Kanuni hiyo haiulizi kutu ni kubwa kiasi gani. Inauliza iko karibu na nini. Mwenye gari yeyote wa Tanga au Lindi anaweza kuitumia kesho akiwa na rula ya mwanafunzi.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache: nyundo ndogo, bisibisi butu, tochi ya simu, na sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Chuma kizima kikigongwa hutoa mlio mkali na nyundo huruka. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa, na nyundo huzama. Bisibisi ikisukumwa kwa nguvu ya mkono isipenye. Sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba hupitishwa juu ya bodi. Inapoacha kushika, chini yake kuna puti nene, na chini ya puti kuna siri ya mwenye gari wa kwanza. Ndani ya chasisi, ingiza simu ikipiga video kupitia tundu la kiwandani. Kazi yote haimalizi nusu saa, ikiwa gari limeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa vizuri, na nashangaa jinsi watu wanavyonunua gari la mamilioni bila kuifanya.

Hapohapo chini, fuata paipu za breki kwa kidole kutoka mbele hadi nyuma. Ni za chuma chembamba, zimebanwa kwenye chasisi kwa vishikizo, na nyuma ya kila kishikizo matope hukaa. Paipu iliyoliwa huvumilia breki za kila siku. Hupasuka siku dereva anapokanyaga kwa nguvu zote, yaani siku anapoihitaji. Kubadilisha paipu ni kazi rahisi na ya bei ndogo ukilinganisha na rangi. Kwenye malori yenye breki za upepo, adui yuko ndani ya matangi ya hewa: hewa ikibanwa, mvuke wake hugeuka maji na kukaa chini ya tangi. Yale matangi yana vali ya kumwagia. Utingo aivute kila asubuhi, maji yatoke.

Nimewasikia wenye Land Rover wakicheka mjadala huu wote, kwa kuwa gari lao halioti kutu. Bodi yake kweli ni ya aloi ya alumini. Lilipoanza kuuzwa mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, alumini ikapatikana kwa urahisi zaidi. Lakini chasisi ni ya chuma, ya boksi lililofungwa, na ukuta unaotenga injini na kebini ni wa chuma pia. Alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo hujitoa mhanga na kuwa unga mweupe kwenye viungio. Matokeo yake, Land Rover ya zamani ya pwani inaweza kuwa na bodi isiyo na doa juu ya chasisi ambayo springi yake ya nyuma inakaribia kung'oka.

Tukubaliane basi kwamba chasisi imeonekana mbovu na inatengenezwa. Hapa pia kuna kutengeneza na kuficha. Kiraka kinachobandikwa juu ya chuma kibovu, kikachomelewa ukingoni tu, hutengeneza mfuko: maji huingia katikati ya vipande viwili, hayatoki, na baada ya masika mbili kiraka kimeoza pamoja na kilichokuwa chini yake. Kilichooza kikatwe hadi kwenye chuma kizima, kipande kipya chenye unene uleule kikae palepale, mshono uwe mmoja usiokatika badala ya madoamadoa. Joto la kuchomelea limeunguza rangi ya ndani, kwa hiyo ndani ya boksi lazima papuliziwe mafuta ya nta au grisi iliyolainishwa, la sivyo kutu mpya itaanzia nyuma ya mshono. Kwenye malori, chuma cha chasisi mara nyingi kimeimarishwa kiwandani kwa joto, na mshono wa kuchomelea uliokata kwa upana kwenye kingo za juu au chini ndipo ufa huanzia. Bamba la kuongezea nguvu lifungwe kwa bolti ubavuni, na ncha zake zikatwe kwa mshazari ili nguvu zisikutane kwenye mstari mmoja. Fundi anayesema hakuna tofauti, mshukuru na uondoke.

Tahadhari mbili zisizohitaji maelezo marefu. Nguzo za betri zichomolewe kabla ya kuchomelea, hasa kwenye gari lenye kompyuta. Na tangi la mafuta litolewe kabisa. Tangi tupu la petroli lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Niongeze ya tatu, kwa kuwa wengi hutumia vipande vya mabati ya nyumba: yamepakwa zinki, na moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka usiku ule. Maziwa ambayo mafundi huyanywa hayaizuii. Zinki ikwanguliwe kwanza penye mshono, na kazi ifanyike penye upepo.

Oili chafu nayo ina wafuasi wengi kiasi kwamba siwezi kuipita kimya. Kupulizia oili iliyotumika chini ya gari kunasaidia, hilo ni kweli. Inazuia maji yasiguse chuma. Lakini ina uchafu wa injini na asidi, hulainisha bushi na mipira ya breki, hudondoka ardhini na kuingia visimani, na kibaya zaidi hunasa mchanga hadi kila kitu kiwe kizito na cheusi, kisitambulike kilichooza na kilicho kizima. Grisi au mafuta ya nta hufanya kazi ileile bila dhambi hizo. Dawa za kugeuza kutu, zile zinazopakwa na kuifanya nyeusi, ni nzuri kwa kutu ya juu iliyokwanguliwa kwa brashi ya waya. Nyingine zina asidi ya fosfori, nyingine zina tanini, jamii ileile iliyomo kwenye magome ya mikoko ambayo Wajerumani waliyasafirisha kutoka pwani yetu kwa ajili ya kutengeneza ngozi. Haziponyi magamba. Wala hazifanyi kazi juu ya chumvi: kabla ya dawa yoyote, kabla ya rangi yoyote, chuma kioshwe kwa maji baridi mengi, kikaushwe. Chumvi iliyofunikwa na rangi huvuta maji kupitia rangi hiyo, na mapele yanarudi yakiwa na hasira. Nadhani nusu ya lawama wanazotupiwa mafundi rangi wa pwani zingekwisha kwa ndoo kumi za maji.

Majira nayo yana usemi. Watengenezaji wa rangi hutaka chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Asubuhi ya Aprili jijini Dar es Salaam, chasisi iliyolala nje haitimizi sharti hilo hadi jua lipande. Kazi ya rangi na ya chini ya gari ni ya kiangazi, Juni hadi Septemba, na ile nafasi ya Januari na Februari, saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Kusafisha, kuzibua matundu na kupulizia mafuta ndiko kutangulie masika na vuli. Chasisi iliyotoboka karibu na springi haina majira. Hiyo inasimamisha gari hata kama mvua inanyesha na mzigo umeshalipiwa.

Hatimaye fedha, na hesabu inayofanywa vibaya kuliko zote. Watu hulinganisha bei ya matengenezo na bei ya gari, wakati gari la mzigo linafanya kazi. Kinacholinganishwa ni bei ya matengenezo pamoja na siku ambazo gari halitaingiza kitu, dhidi ya miezi ambayo chuma kilichotengenezwa kitaishi kabla kingine hakijaachia. Kama mpindo wa kushoto umeoza, wa kulia uko nyuma kwa miezi kadhaa tu. Umri na chumvi ni vilevile. Kutengeneza mmoja na kuuacha mwingine ni kulipa gharama ya kusimama mara mbili. Kwa mtazamo wangu, pikapu ambayo chasisi yake imetoboka sehemu moja na kwingine nyundo inalia vizuri inastahili kutengenezwa hata ikiwa na miaka 30, maana mashine nyingi za dizeli za zamani zitaishi zaidi ya bodi yoyote. Iliyotoboka sehemu tatu zisizokaribiana imekwisha.

Kebini iliyooza haiui gari. Kebini iliyotumika kutoka Japani inaweza kununuliwa na kupandishwa, na kwa Canter au Elf ni kazi ya winchi na siku chache za nyaya na paipu. Chasisi ni jambo jingine, kwa kuwa ndiyo inayobeba namba ambayo gari limesajiliwa nayo. Kuibadilisha ni shauri la polisi na mamlaka ya usajili kabla halijawa la fundi, na gharama yake kwa pikapu ya zamani mara nyingi haina maana. Wenye magari yaliyofika hapo hufanya vizuri zaidi wakiyakata: injini, gia boksi, difu, vioo, viti na hata zile taa vinanunuliwa haraka na watu wenye chasisi nzima. Kadi ya gari irudishwe kwa mamlaka ya usajili, isiachwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu namba ya chasisi iliyokufa ina soko lake, na wanaolijua soko hilo hawakuja kutafuta chuma.